Kuifuata Ncha

9 Machi

Baba Kidomo,

Habari za nyumbani? Mimi sijambo, ila masikio yanavuma kwa uchovu wa safari. Nimepewa chumba kwenye hosteli ya hospitali: kitanda kimoja, meza moja, na dirisha linalotazama jenereta. Ukitaka kujua upweke ni nini, nunua sufuria ya mtu mmoja. Nimeinunua jana, nikakaa naikodolea macho mpaka njaa ikaisha.

Kumbuka tulivyokubaliana. Simu ya Jumapili ni ya Kidomo, aniimbie na aniulize nitarudi lini. Ya kwetu mimi na wewe tutaandika kwa kalamu. Nakujua: kwenye simu unanichekesha mpaka salio linakwisha, nakata sijui hata kama umelala vizuri. Kwenye karatasi utakosa pa kukimbilia.

Kazi nimeianza. Kila mtoto wa chini ya miaka mitatu anayekuja kwa upasuaji mkubwa, wazazi wakiridhia, anaingia kwenye utafiti wetu. Bahasha inafunguliwa na kutuambia kanula ya ateri, kile kijimrija cha ndani ya mshipa, itawekwa kwa njia gani. Njia ni mbili, zote kwa ultrasaundi. Ya kwanza, kishikio cha mashine, kile cha kupitisha juu ya ngozi, unakikatisha kwa upana wa mkono wa mtoto; mshipa unauona kama kitone cheusi kinachodunda, na sindano kama nukta nyeupe. Ya pili, kishikio unakilaza kwa urefu. Mshipa unakuwa kijia cheusi, na sindano nzima unaiona ikitembea ndani yake. Profesa, mkuu wa utafiti wetu, anaipenda ya pili. Mimi naipenda ya kwanza. Bahasha haimjali yeyote kati yetu.

Najua unacheka. Najua unasema kidole chako hakihitaji umeme. Cheka tu.

Kabla mwaka haujaisha nitakuwa nyumbani. Msalimie wifi yangu, mwambie shukrani zangu kwa kuiacha nyumba yake na kuja kukaa nanyi hazina mfano.

Mkeo, mwenye hamu nawe


30 Machi

Mama Kidomo,

Daktari wangu wa usingizi, usiyelala. Barua yako imefika na mimi nimecheka kama ulivyoagiza.

Hebu nikuulize. Miaka yote hii ya uuguzi wa usingizi nimewatafutia watoto mshipa kwa kidole. Unaweka kidole kwenye kifundo cha mkono, unatulia, mshipa wenyewe unakubishia hodi. Sasa nyinyi mnakesha mnashindana kuutazama wima au ubavu! Umeme ukikatika mtafanyaje, mtauimbia utoke? Mwambie Profesa nakuja kumfundisha, nauli juu yake.

Huku shwari. Kidomo kang'oka jino la mbele, na sasa ana pengo la kupitishia maneno zaidi. Mwalimu wake kaniita shuleni kuniambia mtoto anaongea sana. Nikamwambia mwalimu, sisi kwetu tunajua, ndiyo maana hatumwiti jina lake.

Dada yangu anapika, nyumba inafagiwa, maua yako yanamwagiwa maji. Usiwe na wasiwasi nasi hata kidogo. Tumezoea.

Mumeo, mwenye kidole chake


2 Juni

Mama Kidomo,

Leo sina mzaha. Keti kwanza.

Jana tuliletewa mtoto wa miezi saba mwenye uvimbe tumboni. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba daktari wa upasuaji alitaka kuiona presha yake pigo kwa pigo, siyo kwa ule mkanda wa mkononi unaotuletea habari zilizokwisha kupita. Kwa hiyo kanula ya ateri ilikuwa ya lazima. Nikaweka kidole changu hiki ninachojisifia. Kimya. Mtoto mnene, mkono wote mikunjo, mshipa umejichimbia. Nikajaribu kulia, nikajaribu kushoto. Vidole vyake vikaanza kupauka, nikaacha nimsugue mpaka rangi irudi.

Nikameza mate nikaenda wodi ya wazazi kuazima ultrasaundi. Unamjua sista wa pale, ile mashine kuukuu anailinda kuliko mumewe. "Utairudisha na jeli yake yote?" Nikaapa. Nikafanya ulivyoniandikia, kishikio nikakikatisha mkononi. Haki ya Mungu, mshipa niliuona. Nikaiona na nukta nyeupe imeingia katikati ya kitone cheusi kabisa. Damu haikuja. Nikasukuma kidogo. Nukta ipo palepale, damu hakuna. Mkono wa mtoto ukaanza kuvimba, nikatoa sindano.

Walimpasua hivyohivyo, presha tukiipima kwa mkanda. Ametoka salama, leo ananyonya na kumrushia mama yake mateke. Lakini muda wote ule nilikaa kichwani pake nikiusoma ule mkanda kila dakika. Daktari wa upasuaji hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nukta niliiona, mama. Iliingia. Nimekosea wapi? Nifundishe, ingawa wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mumeo


15 Juni

Mume wangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama palepale mapokezi. Na kwanza jua hivi: kuacha pale vidole vilipopauka kulikuwa uamuzi wa fundi. Wengi wangeng'ang'ania.

Ulichokiona hakikuwa ncha. Kishikio kikikatisha, mashine inakuonyesha kipande kimoja tu cha sindano, slesi moja ya mkate. Na slesi zote zinafanana. Iwe ncha, iwe kiuno cha sindano, utaona nukta nyeupe ileile. Ncha yako ilikuwa imeshatangulia, imetoboa ukuta wa chini wa mshipa na kutokea upande wa pili, na wewe huku juu unashangilia kiuno. Usijisikie vibaya. Mimi nilifanya kosa hilohilo nilipokuwa mgeni hapa, mbele ya Profesa na wanafunzi wake.

Dawa yake ni kuifuata ncha. Mara tu uionapo nukta, acha sindano ipumzike, sogeza kishikio mbele unywele mmoja mpaka nukta ipotee. Hapo umeipita ncha. Sasa sukuma sindano mpaka nukta irudi. Hiyo ndiyo ncha, haina ubishi. Kishikio tena, sindano tena. Kishikio kitangulie, sindano ifuate, siku zote. Na ukishaingia mshipani usikimbilie kushangilia. Tembea vivyo hivyo ndani ya mshipa hatua chache, ndipo uteleze kanula.

Utauliza, kwa nini nisilaze kishikio kwa urefu nikaiona sindano yote bila kubahatisha? Ni nzuri, sikatai, na Profesa akiifanya unaweza kulia kwa uzuri wake. Lakini mshipa wa mtoto ni mwembamba kama tambi. Kishikio kikiteleza kidogo tu kando, unatazama ukuta badala ya njia, na mashine haikuambii. Ipi bora, sijui bado. Matokeo yamefungwa mpaka mtoto wa mwisho. Ninachojua, zote mbili zinataka mkono uliozoea.

Basi zoeza wako. Nunua kidari cha kuku, pitisha ndani yake puto refu lililojaa maji mekundu, ufanye mazoezi kila ukipata nafasi.

Nilipokuwa naandika kuhusu kishikio, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejikunja juu ya meza kama umeshika mkono wako kuuongoza. Niliuacha ukae hivyo. Mbona hunambii kama na wewe unanikumbuka?

Mkeo


20 Julai

Mama Kidomo,

Dada yangu anasema ama zake ama za kuku.

Mwezi mzima sasa vidari vinaingia jikoni vikiwa vizima na vinatoka vimetobolewa, vinavuja maji mekundu. Juzi kaingia jirani kuomba chumvi, akanikuta nimekaa mezani na glavu, nimeinamia kuku, na Kidomo kando yangu anambembeleza: "Usilie, ni kidogo tu, kama mbu." Jirani kaondoka bila chumvi. Dada kagoma kupika kitu kilichochomwa sindano, kwa hiyo kuku wote nawakaanga na kuwala mimi peke yangu, nanenepa.

Sista wa wazazi kanilainikia. Jumamosi ananiachia mashine mpaka mchana, na mimi nampelekea vitafunio. Kosa langu nimeliona kwa macho yangu, kwenye kuku: nukta inang'aa katikati ya puto, nikigeuza kidari, ncha hiyo imechungulia kwa chini. Nilicheka peke yangu. Sasa kishikio kinatangulia. Kuku saba kati ya kumi wananikubali.

Njia ya Profesa nayo nimeijaribu. Ninaipata, kisha napumua, inapotea. Mwambie huku tunapumua.

Umeuliza kama tunakukumbuka. Swali gani hilo? Ila usituwaze. Nyumba inakwenda. Tumezoea, kweli tena.

Mumeo, daktari wa kuku


2 Septemba

Mume wangu,

Nina jambo, nimelibeba wiki nzima.

Profesa ameniita ofisini. Utafiti wetu ukikamilika wanaanza mwingine, wa watoto wachanga, wale wa kulala kwenye kiganja. Anataka niuongoze mimi. Miaka mitatu. Amesema hajaona mtu anayezisoma zile picha kama mimi, na wewe unajua mwenyewe jinsi nilivyopenda kazi hii tangu tukiwa tunagombania koti moja la thieta ya upasuaji. Mkataba hauruhusu familia mwaka wa kwanza. Baadaye tutaona, amesema. Baadaye ya watu wakubwa.

Nikitaka nafasi hii, ninaitaka kweli, sitakudanganya. Na nikitaka kurudi, ninataka kurudi mpaka nimeshafunga sanduku mara mbili nikalifungua. Vyote viwili vimo kifuani mwangu na vinapigana.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Usinipe busara, busara ninayo. Sitaki unachoona ni sawa, wala watu watakachosema. Niambie unachotaka wewe. Profesa anasubiri jibu mapema mwezi ujao.

Mkeo


14 Septemba

Mama Kidomo,

Hongera! Nilisoma barua yako mara mbili nikampigia dada ukelele, akadhani kuku kafufuka.

Sasa unauliza nini mpenzi? Nafasi kama hiyo haiji mara mbili kwa mtu. Ni mume gani atakayesimama mlangoni na kumwambia mkewe, rudi uje utazame maua? Watoto wachanga wangapi watapona kwa mikono yako! Mimi ni nani nikuzuie?

Sisi usitutie kwenye mizani. Kidomo anakua, anajifunga viatu mwenyewe, kusoma anasoma. Dada amekubali kukaa zaidi. Nami nina kazi yangu na kuku wangu. Kama tumeweza hii miezi, miaka itatushinda nini? Tumeshazoea.

Mwambie Profesa ndiyo. Piga moyo konde.

Mumeo anayejivunia wewe


1 Oktoba

Baba Kidomo,

Nimesikia. Tumezoea, umeniandikia karibu katika kila barua, nami nilikuwa najidanganya kwamba ni namna yako ya kunifariji. Ni kweli basi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi sipo.

Nilikuuliza unataka nini, ukanipa hongera.

Ijumaa nampa Profesa jibu.

Mimi


3 Oktoba

Mama Kidomo,

Sijui kama kuna barua yako njiani. Hii imenishinda kusubiri.

Jana walimleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, moyo wake una tundu na utumbo umeziba. Mnene kama yule wa kwanza. Kidole changu sikukitumia hata kumsalimia. Nikaweka jeli, nikakatisha kishikio, kitone cheusi kile pale kinadunda. Nikaingiza. Nukta. Nikatulia. Kishikio mbele, nukta ikapotea. Sindano mbele, nukta ikarudi. Kishikio, sindano, kishikio, sindano, mpaka ncha ikakaa katikati ya ateri, nami nikatembea nayo mle ndani kama ulivyosema. Damu ikaja, nyekundu, kwa adabu. Nikateleza kanula. Tulipounganisha mrija, mawimbi ya presha yakapanda kwenye skrini, moja, jingine, jingine. Mara ya kwanza, mkono mmoja, bila uvimbe.

Nikageuka nyuma, nikasema kwa sauti: "Umeona, mke wangu?"

Daktari wa upasuaji akaniambia, "Mimi siyo mkeo, lakini nimeona." Wakacheka. Mimi nilishindwa. Machozi yakajaa ndani ya barakoa, na nilikuwa siwezi kuyafuta, mikono yangu ina glavu. Mtoto yu salama, tulimaliza vizuri. Ila mimi tangu jana si mzima.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nisikilize.

Hatujazoea. Ni uongo. Kitandani kwetu silali tangu Aprili, nalala kwenye kochi, dada anajua, ananiletea shuka bila kuuliza. Nguo zako sijazifua zile ulizoacha mlangoni. Na kuna hili nililokuficha zaidi. Kidomo akianguka siku hizi haiti mama. Anaita shangazi. Mara ya kwanza nilipomsikia nilitoka nje nikajifanya natafuta kitu kwenye pipa la taka. Niliogopa nikikuambia ungerudi kwa hatia, na siku moja ungenitazama mezani ukiiwaza ile kazi.

Ulinitaka nikuambie ninachotaka, nikaogopa. Nilidhani mwanaume mwema ni yule asiyeomba. Na kalamu ilipokosa mzaha, nikakuandikia hongera. Simu nimeishika leo zaidi ya mara moja na nimeiweka, maana najua kinywa changu kitaanza utani.

Najua unachokiacha. Najua ni kikubwa na hakitarudi, na kama umeshaamua kubaki sitakununia, nitakuja kukuona hata kama ni kusimama nje ya geti la hosteli. Lakini umeuliza, na jibu ni hili. Nataka urudi. Nataka wewe, hapa, jikoni, thietani, unikosoe mkono wangu. Rudi, mama. Nakuomba.

Mumeo


18 Oktoba

Mume wangu,

Umechelewa. Ijumaa nilikwenda kwa Profesa nikamwambia ndiyo, sauti kavu kabisa, akanishika mkono akafurahi. Barua yako imenikuta baadaye, nimeshaanza kupewa funguo za ofisi.

Nilikukasirikia kwa namna ambayo sijawahi. Niliisoma, nikaitupa kitandani, nikaiambia, wewe mjinga, ulikuwa wapi Septemba? Nikatembea chumba kizima, ambacho ni hatua chache, nikaiokota nikaisoma tena. Nilipofika kwa Kidomo na shangazi yake nilikaa sakafuni. Usinifiche tena jambo la mwanangu. La kwako nifiche ukitaka, hilo usirudie. Na wifi yangu asione haya. Mtoto kuanguka akapata wa kumwita, hilo ni jema alilotutendea, ingawa limenichoma.

Jana nikarudi kwa Profesa. Nilijua maji yakimwagika hayazoleki, nikaenda hivyohivyo. Alivua miwani, akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikasema hapana. Kuna msiba? Hapana. Kuna nini basi? Nikamwambia, "Nimeombwa nirudi." Akasema nafasi hii atapewa mwingine kabla ya Jumatatu, na bahasha zote zitakapofunguliwa na matokeo kusomwa, mimi sitakuwepo mezani. Nikasema najua. Akasema, hata hutaki kujua ipi ilikuwa bora, yangu au yako? Nikasema nataka sana.

Nataka sana, mume wangu. Usije ukadhani narudi mwepesi. Kazi ile nitailia, pengine mbele yako, pengine nikiwa naosha vyombo na hujafanya kosa lolote, nawe utanivumilia. Sirudi kwa hatia. Narudi kwa sababu kuna mtu aligeuka nyuma akanitafuta, na mimi huku nimekuwa nikigeuka tangu Machi, kila kanula inapoingia, naona sura za watu wema ambao si wewe.

Sharti langu ni moja. Yale uliyoandika mwisho wa barua utayasema kwa mdomo, mbele yangu, bila utani. Ukicheka nageuza.

Mtoto wangu wa mwisho wa utafiti ni wa kesho asubuhi. Mchana nafunga sanduku, na kabla jua halijazama nitakuwa njiani.

Barua hii nampa msafiri wa usiku huu initangulie; usiijibu. Jibu lako halitamkuta mtu hapa.

Mkeo